Kuanzisha Somo la Sauti na Picha Shule ya Upili Lamu: Simu Moja, Wanafunzi Watano, Bila Intaneti

Mwalimu mwenzangu, yumkini umeshaambiwa ofisini: "Wewe unaijua simu na kompyuta, wafundishe watoto mambo ya kidijitali." Maabara hukupewa, bajeti hukupewa, na kwenye ratiba somo limebanwa jioni baada ya michezo. Maswali ninayoletewa na walimu wa Amu (mji wa Lamu), Mokowe, Faza na Mpeketoni ni yale yale: nianzie wapi, vifaa haba nivigawe vipi, na mtandao ukipotea nifanye nini? Majibu ninayowapa kwa mdomo nimeyapanga hapa, ili anayeanza muhula ujao ayafuate hatua kwa hatua.

Swali la kwanza jibu lake ni fupi: anza na sauti. Acha kwanza sehemu za kibodi na historia ya kompyuta. Lengo la muhula liwe moja tu, kwamba kila kundi la wanafunzi watano litoe kipindi cha sauti cha dakika tatu, kimerekodiwa, kimehaririwa, kimehakikiwa, kimehifadhiwa vizuri, na kimesikilizwa na watu wa mji. Ndani ya dakika hizo tatu mna karibu kila stadi unayotakiwa kufundisha: kutunza faili, kutumia programu, kuuliza maswali, kupima ukweli, kuheshimu haki za watu.

Na sauti ni nyepesi. Dakika moja ya sauti isiyobanwa, ya chaneli moja, ni kama MB 5. Ukiibana kuwa MP3 ya kawaida inabaki karibu MB 1. Dakika moja ya video safi kutoka simu hiyo hiyo yaweza kupita MB 100. Shule yenye flashi mbili inaweza kufanya kazi za sauti muhula mzima. Kwa video zingejaa mara moja. Tena watoto wa huku wamekua wakisikia mashairi, kasida na visa vya mabaharia kwenye madaka, yale mabaraza ya mlangoni. Masikio yao tayari yamefunzwa, na mwalimu mwenye wanafunzi wa namna hiyo ana mtaji mkubwa.

Kuhusu mtaala usiwe na wasiwasi. Mfumo wa umilisi (CBC) unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo waliingia gredi ya 10 Januari 2026. Maana yake mwalimu wa Kiswahili, wa historia au wa dini anaweza kuifanya kazi hii ndani ya somo lake mwenyewe. Wale wa kidato wanaojiandaa kwa mtihani wa Computer Studies wana silabasi yao, na mwongozo huu hauichukui nafasi hiyo.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

Simu janja moja kwa kila wanafunzi watano. Simu kuukuu inafaa, hata ikiwa kioo kina ufa na haina laini, mradi inarekodi na inakaa na chaji. Waombe wazazi na waliosoma hapo zamani simu walizoweka makabatini. Kabla ya kuzitumia zifutwe kabisa kupitia mipangilio, maana simu ya mtu ina picha na ujumbe wa nyumbani kwake.

Kompyuta moja au mbili. Laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4 inatosha kwa sauti. Weka programu ya Audacity, ya bure na isiyohitaji intaneti ikishaingia. Pakua faili ya kuiweka ukiwa mahali penye mtandao mzuri, uibebe kwa flashi. Fanya vivyo hivyo na Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, ili wanafunzi wasome makala bila bando.

Flashi mbili, kebo za data, vipokea sauti vya masikioni (vya waya, vile vya bei rahisi), na daftari moja gumu lenye kurasa zilizoshonwa. Daftari hilo lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Utaliona likitajwa tena na tena huku chini.

Sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba. Hewa yetu ina chumvi. Tundu la chaji la simu iliyoachwa kwenye rafu karibu na dirisha la baharini huota kutu ya kijani, na kompyuta vivyo hivyo. Kila jioni vifaa virudi sandukuni.

Na umeme wa akiba: pawabenki mbili, au paneli ndogo ya sola. Laptopu yenye betri inayofanya kazi ni bora kuliko kompyuta kubwa ya mezani isiyo na UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme unapokatika.

Hatua kwa hatua

1. Ruhusa kabla ya kuwasha simu

Unahitaji ruhusa ya mwalimu mkuu, ya wazazi, na ya mwanafunzi mwenyewe. Kwa kuwa shule nyingi zinakataza wanafunzi kuwa na simu, ruhusa ya mwalimu mkuu iwe ya maandishi: simu ni zipi, zinakaa wapi, nani mwenye ufunguo, zinatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Bila karatasi hiyo, siku mwalimu wa zamu atakapomkuta mwanafunzi na simu uani, mtoto ataadhibiwa kwa kosa lisilo lake.

Kwa wazazi, andika barua fupi ya Kiswahili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data binafsi za mtoto, na sauti yake ni data, sura yake ni data. Barua iseme nini kitarekodiwa, kitawekwa wapi, nani atakisikia, na mzazi afanye nini akibadili nia. Chini weka visanduku vitatu: sauti tu; sauti na jina; sauti, jina na picha. Wazazi wengi wanaokataa picha za binti zao wanaikubali sauti, na wengine wanakubali sauti bila jina. Heshimu kila chaguo, na usimshinikize mzazi kupitia mtoto.

*Tahadhari:* usiandike "kwa matumizi ya shule" ukaishia hapo. Mzazi atakayesikia sauti ya mwanawe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa atakuwa na haki ya kukasirika.

2. Gawa kazi tano, uzizungushe

Kila kundi liwe na mrekodi, mhoji, karani wa daftari, mhariri na mtunza faili. Kila juma kazi zihame, na zamu ziandikwe ukutani.

Sheria ninayoisimamia bila huruma ni hii: anayegusa kifaa ni mwenye zamu peke yake. Anayejua zaidi anafundisha kwa maneno, mikono ikiwa nyuma. Usipoiweka, mtoto mwenye simu nyumbani atashika kila kitu toka siku ya kwanza hadi ya mwisho, na mara nyingi huyo huwa mvulana, huku wasichana wakiachiwa kuandika. Mwisho wa muhula utakuwa na mafundi wachache na watazamaji wengi, nawe utadhani darasa zima limeelewa.

3. Somo la faili, kabla ya rekodi yoyote

Hapa ndipo walimu wengi huruka, kisha hulia baadaye. Watoto wetu wengi wamejua dijitali kupitia simu, na simu inawaficha faili: picha iko "kwenye galari", wimbo uko "kwenye WhatsApp". Hawajui kwamba kila kitu ni faili yenye jina, aina, ukubwa na mahali pake. Mtoto asiyelijua hili atapoteza kazi yake popote aendako, chuoni au ofisini.

Anza na majina. Faili ziitwe hivi:

2026-02-17_matondoni_fundi-mashua_01.wav

Mwaka hutangulia, kisha mwezi, kisha siku, ili kompyuta izipange zenyewe kwa kufuatana. Baadaye mahali, mada, na namba ya rekodi. Herufi ndogo zote. Pasiwe na nafasi wazi wala alama za ajabu. Wape wanafunzi orodha ya majina mabaya kama "rekodi mpya", "Sauti 003" na "final final kabisa", uwaulize ni ipi ina mahojiano ya fundi. Wataelewa haraka kuliko ukiwahutubia.

Kisha folda. Kila kundi liwe na folda moja yenye folda tatu ndani: 1-ghafi, 2-kazi, 3-tayari. Kilichotoka kwenye simu kinaingia 1-ghafi na hakiguswi tena abadani. Uhariri unafanywa kwenye nakala iliyo 2-kazi. Kilichokamilika kinakwenda 3-tayari.

Halafu nakala. Kila faili ghafi iwe na nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja ikae nje ya jengo: flashi moja kabatini shuleni, nyingine nyumbani kwako au kwa mwalimu mkuu. Mtunza faili anaandika daftarini: jina la faili, tarehe, nakala ziko wapi. Rekodi haifutwi kwenye simu mpaka karani na mtunza faili wote wawili wameifungua nakala na kuisikia ikilia.

*Tahadhari:* fundisha tofauti ya kunakili na kuhamisha. Anayekata na kubandika, kebo ikachomoka katikati, anaweza kukosa huku na huku. Siku zote nakili, hakikisha, ndipo ufute.

Fanya zoezi hili kwa vipindi viwili vizima kwa faili za kujaribia. Watachoka kidogo. Endelea tu.

4. Kurekodi: chagua mahali kwanza, simu baadaye

Watoke nje na daftari pekee. Kila kundi lisimame mahali patatu, kimya, dakika moja moja, na kuandika kila sauti wanayoisikia. Watagundua jenereta ambalo hawakuwa wakilisikia, punda wawili, boti inayokwenda Mokowe, redio ya duka. Simu itazinasa zote.

Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina kuta nene za matumbawe zinazozuia kelele za nje vizuri sana, lakini chumba kitupu chenye chokaa na sakafu ngumu hutoa mwangwi. Tafuta chumba chenye mikeka, mapazia, godoro au nguo zilizotundikwa. Daka ni pazuri kwa mazungumzo ila si wakati watu wanapita kwenda sokoni. Ufukweni usijaribu bila kinga. Upepo wa kaskazi au kusi ukiipiga maikrofoni, maneno yote huzikwa. Upe mgongo upepo, na ufunike tundu la maikrofoni kwa kipande cha sponji au kitambaa chepesi.

Panga saa pia. Tazama nyakati za swala, usiweke mahojiano ambayo adhana itayakata katikati. Ni suala la adabu kwanza, sauti baadaye.

Wakati wa kurekodi:

- Weka simu hali ya ndegeni. Simu ikiita katikati ya kisa, kisa hicho hakirudi vilevile.
- Ikiwa programu ya kurekodi inatoa chaguo, chagua WAV (sauti isiyobanwa) na chaneli moja.
- Simu iwe umbali wa shibiri moja toka mdomoni, kando kidogo, isiwe mbele kabisa. Pumzi za "p" na "b" zitapita pembeni.
- Kipimo cha sauti kikionekana, vilele vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Kikigusa 0 sauti inapasuka, na hilo halina dawa.
- Kabla ya swali la kwanza, rekodi sekunde kumi za ukimya wa mahali hapo. Mhariri atazihitaji.
- Rekodi jaribio la nusu dakika, lisikilize kwa vipokea sauti, ndipo uanze kweli.

*Tahadhari:* simu isiwekwe juu ya meza ya mbao tupu. Kila kidole kitakachogonga kitasikika. Tandika kanga iliyokunjwa.

5. Mahojiano

Mtafute mtu mmoja mwenye kazi au kumbukumbu anayoijua kwa mikono yake: fundi wa mashua Matondoni, mama anayesuka mikeka, mshonaji kofia, nahodha mstaafu, mwenye punda. Mwalimu aende kwanza peke yake kuomba, kisha ndipo watoto wafike. Wafike kwa salamu kamili, wakae, wajulishane, waseme watoto wa nani. Simu itoke mwisho, na mwenyewe aulizwe tena: "Mzee, utaturuhusu tukurekodi? Tutakuletea uisikie kabla ya mtu mwingine." Ruhusa hiyo irekodiwe pia. Akisema hataki sauti yake ichukuliwe, karani ataandika, na mmoja wa wanafunzi atasoma maneno yale. Hakuna kilichopotea.

Maswali yaandikwe mapema, yasizidi sita. Kosa kubwa la wanaoanza ni maswali ya ndiyo na siyo. "Je, kazi ya mashua ni ngumu?" Atajibu "Sana," basi. Afadhali: "Asubuhi ukifika kwenye chombo unaanza na nini?" "Mbao ukiitazama unajuaje kwamba inafaa?" "Kukalafati kunafanywaje?" Na swali linalozaa kuliko yote: "Kisha?" Mfundishe mhoji kuhesabu hadi tatu kimoyomoyo kila anaposikia kimya. Wazee wengi husema neno lao zito baada ya kimya hicho, na mtoto mwenye haraka hulikata.

Omba sauti za kazi yenyewe kando: tezo ikichonga, nyundo, ukili ukichanwa. Nusu dakika kila moja, faili yake peke yake.

Na lahaja iachwe kama ilivyo. Mzee akizungumza Kiamu, asisahihishwe, wala mhariri asimkate kwa kuwa "hakusema sanifu". Nimeona walimu wazuri wakiwafundisha watoto kuionea haya lugha ya nyumbani mwao, na hilo linaniuma.

6. Uhariri kwa Audacity

Kabla ya kugusa kipanya, kundi zima lisikilize rekodi yote, karani akiandika dakika na sekunde za mambo muhimu. Katika dakika ishirini watachagua tatu. Uamuzi huo ufanyike kwenye karatasi. Kompyuta ni ya kutekeleza tu. Njia hii pia inaokoa zamu za kompyuta: makundi matatu yanaweza kuandika huku moja likihariri.

Kisha: fungua nakala iliyo 2-kazi, hifadhi mradi mara moja kwa jina sahihi, ndipo uanze. Weka alama kwenye sehemu usiyoitaka, bonyeza Delete. Ukikosea, Ctrl+Z. Kata kwenye pumzi, usikate katikati ya neno. Kupunguza kelele, weka alama kwenye zile sekunde kumi za ukimya, nenda Effect, Noise Reduction, ichukue sampuli. Kisha chagua rekodi nzima na uitumie kidogo tu. Ukizidisha, msemaji atasikika kama yumo ndani ya mtungi. Mwisho tumia Normalize, ya kusawazisha nguvu ya sauti, hadi desibeli -1, usafirishe kuwa MP3 ndani ya 3-tayari.

Mradi na wimbo ni vitu viwili. Faili ya mradi hufunguka kwenye Audacity pekee. Simu ya mzazi inataka MP3. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 mradi ni faili moja yenye aup3 mwishoni. Laptopu kuukuu yenye toleo la 2 hutengeneza faili pamoja na folda ya data kandoni; ukinakili kimoja ukaacha kingine, mradi hautafunguka.

*Tahadhari:* msemaji asibadilishwe maana. Zoezi zuri: mpe kila mhariri sentensi "Zamani tulikuwa tukifanya hivyo, lakini sikubaliani nalo," umwambie akate nusu ya pili. Wasikilize. Halafu waulize kama mwenye sauti angeridhika.

7. Picha moja ya jalada

Picha isichukue muda mwingi. Mikono ya fundi kazini inatosha, na inamaliza tatizo la sura. Tumia mwanga wa mlangoni au dirishani, asubuhi au alasiri. Jua la mchana huchora vivuli vyeusi usoni. Zima kwanza uhifadhi wa mahali kwenye kamera, kwa sababu picha yaweza kubeba ndani yake alama za ramani za nyumba ya mtu.

8. Kuhakiki: kila jina, kila mwaka

Kipindi kisitoke kabla ya kila dai kuhakikiwa. Karani aandike orodha ya majina, miaka na idadi zilizotajwa, na mbele ya kila moja chanzo kingine. Msemaji akisema Ngome ya Lamu iliwahi kuwa gereza, nendeni makumbusho mkaulize, kisha msome kwenye Kiwix: ilikuwa gereza hadi 1984. Akisema mji uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka fulani, tafuteni: ni 2001. Msemaji akikosea mwaka, msimwaibishe. Msimulizi aseme mwaka sahihi kwenye utangulizi, na mzee aachwe na kumbukumbu yake.

Hapa ndipo pa kuingiza somo la ujumbe unaosambazwa. Andaa ujumbe wa kubuni wa ufadhili wa masomo wenye kiungo, unaotaka namba ya kitambulisho, PIN ya M-Pesa na "uwatumie watu kumi". Chapisha kwenye karatasi, gawa. Maswali ni haya: nani ameandika? Lini? Ananufaika nini mimi nikibonyeza? Ofisi yenyewe inasemaje? Waonyeshe na alama ya mishale miwili ambayo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliopita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kutumwa kwa zaidi ya soga moja kwa wakati. Mishale hiyo inaonyesha tu kwamba ujumbe umesafiri sana. Kama ni kweli au uongo, ni juu yao kuchunguza.

Akili unde nayo wataileta, utake usitake. Sheria yangu darasani: unaweza kuiomba ikupendekezee maswali au ikusaidie kupanga, lakini jina, mwaka na neno la mtu havitoki humo. Waambie pia kwamba sauti ya mtu siku hizi inaweza kuigwa. Sauti ya "mjomba" inayoomba pesa ipigiwe simu kwa namba mnayoijua tangu zamani.

9. Muziki na haki za watu

Watataka taarabu chini ya maneno. Usikubali bila ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya 2001, inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na rekodi ina ulinzi wake tofauti. Utenzi wa karne ya 19 mwanafunzi anaweza kuusoma mwenyewe. Rekodi ya msomaji fulani ni ya msomaji huyo. Njia rahisi ni wanafunzi kutengeneza muziki wao: mmoja ana tari, mwingine anaimba. Mashairi ya mzee mliyemrekodi ni mali yake, na jina lake litajwe isipokuwa amekataa.

10. Kusikilizisha

Msikilizaji wa kwanza ni aliyehojiwa. Mpelekeeni, akae, asikie, aseme cha kuondoa. Baada ya hapo wazazi siku ya mkutano wa shule, kwa spika ya kawaida. Kuweka mtandaoni ni hiari, na kwa vile vipindi ambavyo visanduku vya ruhusa vinaruhusu.

Alama nazipanga hivi: nusu kwa faili zilizopangwa, orodha ya uhakiki na daftari, robo kwa mahojiano, robo kwa ubora wa sauti. Ukiweka alama nyingi kwenye ubora wa sauti, kundi lenye simu nzuri litashinda kwa simu yake.

Mambo yakikwama

*Kompyuta haioni simu.* Kebo nyingi za bei rahisi ni za kuchaji tu. Badilisha kebo. Ikiwa bado, shusha ukurasa wa arifa kwenye simu, uchague kuhamisha faili.

*Audacity inakataa faili ya simu.* Huenda simu imerekodi M4A. Audacity kwenye Windows inahitaji nyongeza ya FFmpeg kuifungua. Iweke mara moja, au geuza faili kwa VLC, au kuanzia sasa rekodi kwa WAV.

*Upepo unavuma chini ya maneno.* Tumia High-Pass Filter, uanzie 100 Hz. Hupunguza mvumo, haiumalizi.

*Umeme umekatika katikati ya uhariri.* Ifungue Audacity tena. Kwa kawaida itakuuliza kama urejeshe mradi. Kubali, kisha uhifadhi papo hapo.

*Flashi inakataa faili kubwa ingawa ina nafasi.* Imepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili inayofika GB 4. Nakili vilivyomo kwanza, kisha uipange upya kwa exFAT. Kuipanga upya kunafuta kila kitu.

*Folda kwenye flashi zimegeuka njia za mkato.* Ni virusi, na mara nyingi faili zimefichwa tu. Usibonyeze zile njia za mkato. Safisha kwa programu ya kuzuia virusi, kisha fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Faili zitaonekana tena.

*Simu imeanguka baharini.* Izime, usiichaji. Futa chumvi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, uiache penye hewa, kivulini, siku kadhaa. Mchele hausaidii, unaongeza vumbi.

*Betri imevimba.* Acha kuitumia leo hii. Isitobolewe, isibanwe, isichajiwe. Itoe darasani, ikae nje mbali na vitu vinavyowaka, mpaka ipelekwe kwa fundi.

*Mwanafunzi hataki kusikika.* Abaki mhariri au mtunza faili, na zamu ya kuhoji imruke. Wengine hubadilika wakishasikia kazi ya kundi lao ikichezwa. Wengine hawabadiliki, na alama zao zisipungue kwa hilo.

*Mzazi amebadili nia.* Usibishane wala usimwombe sababu. Sheria inampa haki ya kuondoa ridhaa. Fungua daftari la mtunza faili, utazame nakala ziko wapi, uzifute zote: kwenye simu, kompyuta, flashi ya kabatini na ile ya nyumbani, kisha utupe vilivyo kwenye kapu la kompyuta. Andika tarehe ya kufuta mbele ya jina la faili, na umwonyeshe mzazi ukurasa huo.